Siku Mbili za Umeme

Asubuhi hiyo, kama asubuhi mia nne na kitu zilizoitangulia, Sikudhani alichemsha chai ya watu sita, akanywa kikombe kimoja, iliyobaki akaimwaga nyuma ya nyumba. Mkono wake ulikataa kujifunza. Ungemwambia apike chai ya mtu mmoja, angekuuliza sufuria ya hivyo inauzwa wapi.

Miaka ishirini nyumba ile, hatua chache kutoka soko la mpakani la Mvukeni, haikuwahi kukosa mgeni. Wachuuzi walioshusha mizigo, madereva waliosubiri mihuri, wake waliogombana na waume, wote waliishia kwenye mkeka wa Sikudhani, wakila alichopika na kumwaga walichosikia. Nani kaposa, nani kaachwa, nani kaonekana akitoka kwa nani viatu mkononi. Watu walisema habari hupita kwa Sikudhani kwanza, ndipo iende redioni. Yeye hakuwahi kukanusha. Sasa nje palikuwa na upepo, mbwa mmoja, na minyororo kwenye milango ya maduka.

Alinawa mikono, akafungua debe la unga, akauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ukubwa wa mche wa sabuni. Akakifuta kwa upindo wa kanga, akakiegemeza kwenye kopo la sukari, akakigonga mara mbili.

"Mama Zawena!" Sauti ililipuka jikoni. "We mwanamke, bado umelala? Wateja wangu wamepanga foleni, na wewe unaota tu!"

"Nimeamka, Kemi. Mgongo."

"Mgongo! Huo mgongo wako unaumwa kila siku ya kubeba magunia. Siku ya harusi mbona huwa hauumwi?"

Sikudhani akacheka. Alikuwa amekisikia kichekesho hicho mara ngapi, hata yeye hakujua, lakini akacheka.

Huyo hakuwa Kemirembe mwenyewe, rafiki yake wa upande wa pili wa mpaka. Kilikuwa kivuli chake. Enzi za Jumuiya ya Nchi Saba kila mchuuzi wa Mvukeni alikuwa nacho. Unakining'iniza kwenye kibanda chako, kinakusikiliza miezi na miezi unavyopatana bei, kinashika sauti yako, ubishi wako, matusi yako ya mapenzi, hadi siku unapokwenda kunyonyesha mtoto kinabaki kinauza badala yako na mteja haoni tofauti. Marafiki walibadilishana. Kivuli cha Sikudhani kiliuza chumvi upande wa pili wa mpaka, kwenye meza ya Kemirembe. Cha Kemirembe kiliuza maziwa upande huu. Kila jioni vivuli vyote viliunganishwa na mtambo mkuu wa Jumuiya, ili kesho yake viamke vikikumbuka ya jana.

Kisha nchi ikajitoa kwenye Jumuiya. Mtambo ukakatwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Ikatoka sheria kwamba vivuli vya watu wa upande wa pili virudishwe serikalini vifutwe. Sikudhani akaenda ofisini na uso wa msiba, akasema cha Kemirembe kimetumbukia chooni. Karani aliandika "chooni" bila kuinua kichwa.

"Halfani kinyozi anahama leo," alisema Sikudhani.

"Acha! Halfani? Aende wapi yule, na wateja wote wale?"

"Hana wateja, Kemi. Mpaka umefungwa."

"Umefungwa nini? Niko hapa namwona askari anakula mahindi." Kivuli kikacheka. "Una maneno wewe. Haya, usisahau, Ijumaa unakuja kwangu. Nimekuwekea mtindi wa siku tatu, ule unaoupenda. Njoo na njaa."

"Nakuja."

Jana yake pia alikiambia kwamba Halfani anafunga mizigo, na kivuli kikashtuka hivyo hivyo. Bila mtambo hakikuweza kubeba siku moja kuipeleka nyingine. Kila asubuhi kwake ilikuwa Jumanne ile ile, na Ijumaa ilikuwa mbele. Mwanzoni Sikudhani aliona raha: habari moja unaisimulia mara mia na msikilizaji anapiga kelele kila mara. Lakini umbea unataka kukua. Unataka mtu akwambie kesho, "Ehe, na yule je, ilikuwaje?" Huu wa kwake ulikuwa unazaliwa asubuhi na kufa jioni, na yeye ndiye aliyekuwa anauzika.

Akakizima. Huko nje kipaza sauti kilikuwa kinawaita watu sokoni.

*

Banda la soko lilijengwa kwa watu elfu nne. Waliofika walikuwa kumi na tisa. Walikaa mbalimbali, kama watu waliosahau namna ya kubanana.

Mbele alisimama ofisa wa serikali kutoka mji mkuu, Bwana Msofe, mtu wa miaka arobaini na ushei, mvi zimeanzia masikioni, macho ya mtu aliyelala kwenye viti vya ofisi. Alisema Baraza Kuu lingepiga kura Ijumaa, na akaeleza kwamba tangu nchi ijitoe, njia za biashara zilizobaki mezani ni tatu.

Ya kwanza waliiita Ukuta: kutoza ushuru kila kitoweo na kila kitambaa kinachotoka kwa jirani, nchi ijilishe yenyewe. Ya pili ni Bandari: umeme wote wa mvuke unaochemka chini ya Mvukeni upelekwe pwani kwa waya mmoja, uendeshe viwanda vya bandarini, na maziwa yaje ya unga kutoka ng'ambo. Ya tatu, Mlango: mkataba na jirani peke yake, nje ya Jumuiya. Wao wafungue soko la mpakani, sisi tuwape umeme siku kadhaa kwa wiki wa kupozea maziwa yao.

"Ukuta mbona tunao tayari?" Halfani kinyozi alisimama. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kimefungwa juu ya mkokoteni pale nje. "Mwaka mzima nanyoa nani mimi? Nimnyoe mbwa?"

"Kaa chini, Halfani," alisema Bi Mgeni, mwuza chumvi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. "Tulijitoa kwa heshima. Maziwa yao yalikuwa yanakuja bei ya maji hadi ng'ombe wetu wakawa mapambo."

"Ng'ombe wako alikuwa mmoja, Bi Mgeni, na alikufa kwa kula mfuko wa nailoni."

"Alikula kwa kukosa soko!"

Banda zima likaangua kicheko. Kicheko cha watu kumi na tisa kikapanda kwenye mabati, kikarudi kimepwaya.

"Na hiyo Bandari," aliuliza Sikudhani, "sisi wa hapa inatuweka wapi?"

Msofe akatazama karatasi ambazo hakuwa na haja ya kuzitazama. "Mtambo wa mvuke utajiendesha wenyewe, mama. Hautahitaji watu karibu. Wakazi wa Mvukeni watapewa vyumba ghorofani, pwani."

"Vyumba," alirudia Bi Mgeni, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kilichochacha.

Sikudhani alikifahamu chumba cha hivyo. Binti yake Zawena aliishi ndani ya kimoja, ghorofa ya thelathini na moja. Alikwenda huko mara moja, akakaa wiki mbili, hakujua jina la jirani hata mmoja. Siku ya tatu alibisha hodi mlango wa pili apeleke maandazi. Mlango ukamjibu wenyewe, kwa sauti ya mashine, kwamba mwenye nyumba amepokea ujumbe wake.

"Mnaotaka Mlango," Msofe aliendelea, "nami nikiwa mmoja wenu, tuna tatizo. Jirani anadai siku sita za umeme kwa wiki na hashuki. Msemaji wao ni mwanamke wa chama cha maziwa. Kemirembe."

Vichwa kumi na nane vikamgeukia Sikudhani kwa pamoja.

*

Msofe alimfuata hadi nyumbani. Akamwamkia vizuri, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka. Sikudhani akamimina chai ya watu sita, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu vikombe viwili vikatumika.

"Mama, nitasema wazi. Najua hakikutumbukia chooni."

Sikudhani akalitupia jicho debe la unga.

"Sikuja kukukamata. Nimekuja kukuomba. Wakati ule tulikusanya vivuli kumi na kimoja vya wachuuzi wa kule, tukavihifadhi kabla ya kufuta. Tukavihoji. Vinapatana bei vizuri tu, vinabishana, vinatukana, lakini ukiuliza bei ya mwisho vinanyamaza. Vyote. Mafundi wetu wameandika kwenye ripoti kwamba vimeharibika."

Sikudhani akatazama ile suruali iliyopigwa pasi, ule uso uliochoka, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

"Vimeharibika! Wasomi nyie! Havijaharibika, baba. Vina adabu."

Ikabidi amfundishe. Pale mpakani lipo jiwe la mipaka, na wanaouza kulizunguka huitana wenza wa jiwe. Mwenzako wa jiwe unaweza kumtukania maziwa, kumkejeli mizani, kumwambia chumvi yake imechanganywa na mchanga. Lakini bei ya mwisho humwulizi, wala yeye hakutajii. Mtu akishakuonyesha chini yake, mtapatanaje tena kesho? Unasikiliza. Ukimfahamu, utajua mwenyewe amefika, na ukishajua unamwachia hapo au unaondoka. Hivyo bei ya mwisho haikutamkwa pale jiweni tangu soko lianze, na vivuli vilijifunza kwa kusikia. Vingesemaje kisichowahi kusemwa?

Msofe aliweka kikombe chini polepole. "Na wewe unamfahamu Kemirembe."

Hapo Sikudhani akaona alichokuwa amekifanya. Mwaka mzima hakuwa na mtu wa kumsimulia kitu, na wa kwanza kuketi kwenye mkeka wake amemmwagia yote.

"Nikienda Ijumaa na siku nne," Msofe alisema, "watu wa Bandari watanicheka. Nikienda na siku tatu, mahesabu yanaonyesha tunashindwa kwa kura chache. Mbili, Mlango unapita. Sijui kama mbili inawezekana. Wewe peke yako unaweza kunisaidia kujua."

"Unataka nimchungulie rafiki yangu nguoni."

"Nataka mji wako usifutwe, mama."

"Kwa nini usiende ukae naye, mpatane kama watu?"

"Baraza halitaki mpatano wa miezi. Linataka namba." Akasita. "Na kivuli, baada ya hapo, nitaondoka nacho. Lazima kiambatane na taarifa yangu, kisha sheria ifuate."

Sikudhani alipomsindikiza mlangoni, Halfani alikuwa ameshusha kiti chake kutoka kwenye mkokoteni, amekiweka kivulini kando ya ukuta wa Sikudhani.

"Nimeahirisha hadi Ijumaa, dada," akasema, akifuta kioo kwa mkono wa shati. "Nasikia mambo yetu yako mikononi mwako. Mji mzima umesikia."

"Mji mzima ni watu kumi na tisa, Halfani."

"Hao hao. Hawana pengine pa kwenda."

*

Walifanya kazi hiyo Alhamisi mchana, jikoni. Msofe aliweka kando ya kopo la sukari kioo chembamba kilichoandika kila neno na kupima kila pumzi. Nje, pembeni ya ukuta, watu wote wa Mvukeni walikuwa wamekusanyika wakijifanya wanasubiri kunyolewa. Sikudhani akagonga mara mbili.

"Mama Zawena! We mwanamke, bado umelala?"

Akaiachia Jumanne ianze. Mgongo, harusi, askari na mahindi. Kisha akasema, "Kemi, hebu tucheze leo. Tuseme sina chumvi. Nina umeme."

"Umeme! Tangu lini jiweni panauzwa umeme?"

"Nimesema tucheze. Wewe una maziwa na majokofu. Nikupe siku ngapi kwa wiki?"

"Sita. Ya saba nitampumzisha Mungu."

"Sita! Unapoza maziwa au unapoza ziwa?"

"Tazama mchoyo huyu! Amekalia mvuke kama kuku amekalia mayai, na hayaangui! Sita."

"Moja."

"Moja hata mgonjwa hapewi. Tano, kwa ajili ya Zawena tu, si kwa ajili yako."

Sikudhani alijikuta amesogea mbele, kanga imemwanguka begani, mikono inapiga hewa. Damu ilikuwa inamchemka kwa furaha. Walipanda na kushuka. Kemirembe alimtukana meno, yeye akamtukana ng'ombe. Tano ikawa nne kwa laana, nne ikawa tatu kwa kicheko kirefu. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na Msofe wala Baraza. Palikuwa na jiwe, vumbi, na mwanamke wa upande wa pili ambaye hakuna mtu duniani aliyepata kubishana naye vizuri kama yeye.

"Mbili," alisema Sikudhani.

Kivuli kikanyamaza kidogo tu, kama mtu anayehamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Hivi nilikusimulia alichofanya wifi yangu Kabatesi? Kaazima sufuria yangu kubwa, ya harusi, kairudisha imetoboka. Namwuliza, ananiambia ilikuja hivyo! Na kaka yangu kakaa pale anatazama dari..."

Kioo cha Msofe kikaandika: *Ametoka kwenye mada.*

Sikudhani aliteremsha mikono. Miaka ishirini. Kemirembe akianza kumsema wifi yake, ujue amefika chini kabisa. Hakubali wala hakatai, anaongea ya Kabatesi, na mwenzake anaelewa. Naye Sikudhani, kila mara, aliirudisha bei juu kidogo. Mara moja tu, mwaka wa ukame, mnunuzi mmoja mgeni aliing'ang'ania bei ile akaipata, kwa kuwa hakujua anachosikia. Wiki ile Sikudhani alimwona Kemirembe akimwaga maziwa barabarani, ndoo baada ya ndoo, na mwezi uliofuata akamwuza mtamba wake aliyempenda kuliko wote. Kemirembe aliweza kuibeba bei hiyo. Ila ilimla.

"Hajajibu," Msofe alinong'ona. "Mwulize tena."

"Haulizwi tena."

"Kwa hiyo niandike tatu?"

Angesema ndiyo. Neno dogo tu. Tatu ndiyo namba ya mwisho iliyotamkwa, hakuna mashine ambayo ingembishia. Kutoka nje alisikia Bi Mgeni akimwuliza Halfani kama anajua kunyoa wanawake, na Halfani akijibu kwamba Bi Mgeni hamhesabu kuwa mwanamke, anamhesabu kuwa serikali. Watu wakacheka. Safari hii kicheko hakikupwaya. Kilikuwa kimebanana chini ya dirisha lake, kina jasho na pumzi za watu, na aligundua kwamba alikuwa ameshikilia ukingo wa meza ili kisimpite.

Ghorofa ya thelathini na moja. Mlango unaokwambia umepokea ujumbe wako.

"...nikamwambia Kabatesi, sufuria haijitoboi," kivuli kilikuwa kinasema. "Mama Zawena? Upo? Mbona kimya?"

"Nipo."

"Nikadhani umeniacha naongea peke yangu."

Sikudhani alimtazama Msofe, akainua vidole viwili. Msofe hakuelewa, au alitaka kusikia.

"Sema, mama. Lazima kioo kisikie."

"Mbili," alisema. "Ataichukua. Hapo ndipo mwisho wake."

"Mwisho wa nani?" kiliuliza kivuli.

"Si kitu, Kemi. Nilikuwa naongea na mgeni."

"Mpe chai huyo mgeni. Haya, Ijumaa, njoo na njaa."

Msofe alikichukua kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayebeba kitoto kilicholala. Mlangoni akainamisha kichwa.

*

Mlango ulipita kwa tofauti ya kura tano. Baada ya miezi mitatu soko likafunguliwa.

Mvukeni ikarudi kwa fujo. Minyororo ikakatwa, mabati yakagongwa, watu waliokuwa wamekwenda pwani wakashuka na magodoro na hadithi. Nyumba ya Sikudhani ikajaa hadi uani. Chai ya watu sita haikutosha, akanunua sufuria nyingine. Halfani alinyoa hadi mkono ukamvimba. Walimwita Mama Mlango, na kila aliyekuja alitaka asimuliwe siku ile ilikuwaje. Yeye, ambaye hakuwahi kunyimwa neno, alisema tu kwamba anasikia kitu kinaungua jikoni, akaondoka.

Siku ya kwanza ya soko Kemirembe hakuja. Ya pili hakuja. Watu wa kule walisema ana kazi nyingi: umeme ukija siku mbili, maziwa ya siku tano unayafanyaje? Walisema amepunguza mifugo. Mmoja alisema nusu, mwingine akasema zaidi. Hiyo ilikuwa habari ya kuzungushwa mkeka mzima, na Sikudhani akaiacha ilale pale ilipoangukia.

Wiki ya tano akaambiwa: yupo jiweni.

Alijifunga kanga mpya, akatoka karibu mbio. Kemirembe alikaa mahali pake pa zamani, madumu matatu mbele yake, palipokuwa zamani na ishirini. Alikuwa amekonda shingo. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walipomwona nani anakuja wakapisha, nyuso zimechangamka. Wakongwe waliwagonga wageni viwiko: ngojeni, sasa ndipo mtaona.

"We mwanamke!" Sikudhani alipaza sauti kutoka mbali, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Maziwa haya au maji ya kuoshea vyombo? Nakupa nusu ya bei, na hiyo nusu ni huruma!"

Watu wakacheka, wakamgeukia Kemirembe wangojee jibu.

Kemirembe alichukua chombo, akamimina hadi juu, akafuta ukingo kwa kitambaa safi, akamsogezea.

"Chukua."

"Kemi, nimesema nusu!"

"Nimesikia. Chukua."

"Ndiyo hivyo tu? Hubishi?"

"Tuchoshane ya nini? Mwisho wangu si unaujua?"

Foleni ikaangua kicheko ikidhani ndiyo mchezo umeanza. Kemirembe hakucheka. Aliinama kidogo kuelekea kwake, na sauti ilikuwa ya chini, haina hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya.

"Watu wenu walikuja, wakakaa. Hatukuwa tumefungua mdomo. Wakasema, mbili. Nikajua hapo hapo nani aliwaambia, maana yupo mmoja tu." Akapangusa meza palipokuwa pasafi. "Chako niliendelea kuwa nacho, unajua? Wakubwa wa kwetu walinifuata siku tatu, wakitaka nikiulize mwisho wako. Nikawaambia huyu mama hana mwisho, mnapoteza muda."

Sikudhani alifungua mdomo. Ya Halfani, ya Bi Mgeni, ya chumba cha pwani, yote yalikuwa pale kwenye ulimi, ya kweli yote, na kila moja aliliona linavyosikika upande wa pili wa meza.

"Kemi."

"Pole ya mgongo, mama," alisema Kemirembe, kama anavyosema mtu yeyote kwa mteja mwenye umri, kisha akatazama nyuma ya bega lake. "Nani anafuata?"

Mtu aliyefuata akasogea, akaomba radhi, akapita mbele yake. Sikudhani akabaki amesimama na maziwa yake ya nusu bei, watu wakimsukuma huku na huku, kila mmoja akimwita kwa jina.